Theluji ya Aprili

Mume wangu alibeba mizigo ya wageni Kilimanjaro kwa miaka tisa, na minne ya mwisho alikuwa msaidizi wa kiongozi. Hapa London anasafisha korido za hospitali. Sisemi hivyo kwa kumdharau, mimi mwenyewe kazi yangu ni kuogesha wazee wa watu. Nasema ili ieleweke kwamba nyumbani kwetu Thamesmead, kwenye fleti yetu ya ghorofa ya tatu, kuna jambo moja tu ambalo yeye analijua na sisi wengine hatulijui, nalo ni mlima. Barua za serikali anasomewa na binti yetu. Simu za shule napokea mimi. Lakini ikitokea picha ya mlima wowote kwenye televisheni, hata wa Uchina huko, tunanyamaza wote mpaka amalize kueleza.

Kwa hiyo alipotangaza kwamba atampeleka binti yetu kupanda mlima Wales, likizo ya Pasaka, kabla mtoto hajazama kwenye mitihani yake, sikuwa na neno. Binti ana miaka kumi na saba. Maongezi yao ya siku nzima yalikuwa yamebaki shikamoo, marahaba na umekula. Mimi ni mtu wa Tanga mjini, nyumba ya watu wasemaji, na ukimya ule ulikuwa unanichoma. Nikasema waende, labda huko juu watapata la kuzungumza.

Alipoambiwa kilele chenyewe kina urefu wa mita elfu moja na kidogo, mume wangu alicheka mpaka akakohoa. "Jiko la mama yangu Marangu liko juu kuliko hicho kilele chao," alisema. Binti akatafuta kwenye simu akakuta ni kweli. Mama mkwe wangu anapika machalari ya ndizi kila siku mahali palipo juu kuliko Wales nzima. Tulicheka wote watatu. Hesabu ile ndiyo iliyotuponza.

Jumapili tatu mfululizo alimpeleka mazoezini kwenye msitu ulio nyuma ya Abbey Wood, jirani na kwetu, kwenye kilima ambacho bibi vizee wanapanda na mbwa wao bila kuhema. Nilikwenda nao mara moja. Alimfundisha kutembea pole pole, pumzi ya pua, hatua fupi. Kisha akamfundisha kushuka. Kule kwao, karibu na kilele, kuna mteremko mrefu wa changarawe na majivu ya volkano, na wapagazi wakishuka pale hawatembei. Wanalegeza magoti, wanaegemea nyuma, wanateleza kwa visigino, vumbi linatimka. Mahali walipopanda kwa saa tano wanashuka kwa nusu saa. Akamwonyesha kwenye majani yenye umande, mikono imetanuka, mwanaume wa miaka hamsini na mbili. "Visigino, mwanangu. Usiogope, visigino." Akafika chini amesimama wima. Binti akajaribu, akakaa chini kwa makalio, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka na baba yake tangu aanze sekondari.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika. Jumatano kabla ya safari, binti alinifuata jikoni nikikaanga samaki, akarudisha mlango nyuma yake. Akanipa simu yake nisome. Ilikuwa taarifa ya hali ya njia za mlimani, inayoandikwa na watu wanaopanda kwenda kuangalia kwa macho yao. Bondeni, walisema, ni machipuko kabisa, njia kavu. Juu bado kuna theluji ya zamani kwenye mikunjo inayotazama kaskazini na mashariki, pasipopigwa jua. Imeyeyuka na kuganda mara nyingi mpaka imekuwa ngumu, na inakatisha njia. Asiye na vyuma vya kufunga chini ya viatu na shoka la barafu mkononi, na asiyejua kuvitumia, asipite upande huo, ashuke alikopandia.

Mimi naelewa Kiingereza vizuri lakini hilo lilinibidi nilisome mara mbili.

"Mwambie Baba," binti alisema. Kiswahili anakisikia chote, lakini yeye hujibu kwa Kiingereza, na hata hilo alilisema kwa Kiingereza.

"Si umwambie wewe?"

Akanitazama tu. Lilikuwa swali la kijinga na nililijua. Kwetu mtoto hamwambii baba yake kwamba amekosea. Anamwambia mama, na mama ndiye anayechagua saa. Anangoja mzee ashibe, avue viatu, kisha analizungusha neno mpaka baba anaamka asubuhi akidhani amelifikiri mwenyewe. Mimi niliruhusiwa kusoma kwa njia hiyo, na kuolewa na Mchagga kwa njia hiyo. Na katika nyumba yangu kazi hiyo nimeifanya miaka yote, na naiweza.

"Nitamwambia," nikasema, nikageuza samaki.

Jioni ile mume wangu alirudi amenuna. Kijana mmoja wa pale kazini, msimamizi mpya, alikuwa amemsimamisha mbele ya manesi kumfundisha namna ya kushika dekio. Hakula sana. Kisha akatandika gazeti sebuleni, akatoa viatu vyake vya mlimani, akaanza kuvipaka mafuta taratibu, kila mshono, kila tundu la kamba. Kidogo kidogo uso ukamrudi. Akaanza kupiga mluzi. Nikasimama mlangoni na neno langu mdomoni. Nikamwambie nini? Kwamba hata hili hulijui, mwanao amekusomea kwenye simu? Nje miti ya barabarani ilikuwa imejaa maua meupe, watu wamevaa kaptula kwenye kituo cha basi. Nikajisemea, theluji ya wapi Aprili hii, Wazungu nao wanaogopa mpaka kivuli. Nikafunika kombe, nikaenda kukunja nguo.

Wakaondoka Ijumaa. Binti aliniuliza kwa macho pale mlangoni, nami nikajifanya natafuta funguo.

Jumamosi saa tatu asubuhi ikaja picha. Binti amesimama chini ya mlima, jua usoni, nyuma yake ukuta wa mawe na wana-kondoo. Koti amelifunga kiunoni. Nikapumua. Kama ni jua namna hiyo, basi nilikuwa na haki.

Saa nne na nusu nilikuwa kazini, kwa mzee mmoja ninayemhudumia Plumstead. Amekaribia miaka tisini, alikuwa mwalimu, anatembea kwa kushikilia fremu ya chuma, na hajawahi kunywa chai yangu bila kuitia kasoro. Nikiwa namfunga vifungo vya shati nikamwonyesha picha, kwa kujisifu tu. Nikamwambia mume wangu ni mtu wa Kilimanjaro.

Aliomba miwani. Akaitazama picha muda mrefu, akaniagiza niikuze. Nikadhani anamtazama mtoto. Kidole chake kikapita juu ya kichwa cha binti mpaka kwenye mlima, kikasimama kwenye mstari mweupe ambao mimi sikuwa nimeuona.

"Wana vyuma vya viatuni?" akauliza.

"Hapana."

"Shoka?"

"Hawana, mzee wangu."

"Mumeo anajua kuhusu theluji iliyobaki?"

Nikasema anajua milima yote. Mzee akavua miwani. Kumbe ujana wake wote alikuwa akipanda milima ile ile, kila mwaka na wanafunzi. Akanieleza bila kunifokea, na hilo ndilo lililoanza kunitisha, maana yeye hunifokea hata kwa sukari. Alisema machipuko yanaua watu kuliko baridi yenyewe, kwa sababu wakati wa baridi watu wanauona ubaya na wanajiandaa. Mwezi wa nne wanaona maua. Wanapanda upande wa jua, hawakutani na kitu, wanafika juu wakiwa na fulana. Kisha wanashuka upande wa kivuli. Ile theluji adhuhuri inaonekana laini, lakini jua likishauacha ule upande inaanza kuganda tena, inakuwa kioo. Ukianguka pale huchukui muda kufika chini.

"Wakirudi walikopandia ni sawa," alisema. "Wataona kondoo tu."

Nikashika maneno hayo. Watarudi walikopandia, kwa nini wasirudi? Nikampikia supu. Niliweka chumvi mara mbili.

Saa saba kasorobo ikaingia meseji ya binti: wamefika juu. Picha ilikuwa na ukungu, baba yake amenyoosha mikono kama aliyefunga goli. Nikaandika haraka, rudini njia mliyopandia, mwambie baba yako nimesema mimi. Ile meseji ikaonyesha imeondoka, haikuonyesha imefika. Saa saba na dakika tano ikaja nyingine kutoka kwake, ya mwisho: "Baba anataka tushuke upande wa pili, ni njia fupi. Kuna theluji. Anasema ni kama ile ya msituni, atatangulia anionyeshe."

Nilimsomea mzee. Akafumba macho.

"Kama ipi ya msituni?"

Ikabidi nimweleze visigino. Nilimweleza nimesimama katikati ya chumba chake, nimelegeza magoti, na nilipokuwa namwonyesha ndipo mimi mwenyewe nikaona mtoto wangu akifanya vile juu ya kioo. 

"Mwambie asiteleze," mzee alisema. "Pale hakuna changarawe ya kumshika. Atasimamishwa na mawe."

Nikampigia mume wangu. Simu inaita, inaita, inakatika. Mara ya pili. Mara ya tano. Simu ya binti haipatikani, betri yake ikipata baridi huzima. Ya baba yake inaita vizuri, nayo iko mfukoni mwake, na hapokei. Alishaniambia zamani: nikiwa mlimani usinipigie, kiongozi haongei na simu watu wakiwa nyuma yake. Naye akiona jina langu anajua nataka kuuliza kama wamekula. Hasira zilinipanda pamoja na hofu, sijui kipi kilitangulia. Nilimtukana yule mwanaume, jamani, mbele ya mzee wa watu, kwa Kiswahili cha Tanga.

Mzee akasema nipige polisi, wataita watu wa uokoaji. Nikamwuliza niwaambie nini? Hakuna aliyeanguka. Niwaambie kuna mwanaume anaelekea kuteleza? Kilichotakiwa ni mtu wa kumsimamisha sasa hivi, kabla hajaweka kisigino.

Kuna mtu mmoja tu duniani ambaye mume wangu hajawahi kuiacha simu yake iite mara tatu. Mama yake. Hata akiwa kwenye ngazi za hospitali na ndoo mbili, ataweka ndoo chini.

Kumshtaki mume kwa mama yake si jambo dogo. Ukilifanya mara moja, ukoo mzima utalihesabu mpaka siku ya kuzikwa kwako. Miaka ishirini ya ndoa sikuwahi kumpelekea mama mkwe neno baya la mwanawe, na kwa sababu hiyo alinipa heshima yangu, mimi niliyekuja kwake mtu wa pwani nisiyejua hata kumenya ndizi za kupika. Na bado ningekuwa namwambia mwanamke wa miaka sabini na nane kwamba mwanawe na mjukuu wake wako kwenye barafu. Nilisita. Nakiri kwamba nilisita, labda dakika nzima. Kisha nikapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo mama."

"Baridi imepungua?"

"Imepungua."

"Mjukuu wangu anasoma?"

"Anasoma, mama."

Kwa kawaida tunakwenda hivyo mpaka tunafika kwa ng'ombe, na ole wako uruke kituo. Saa ya ukutani ya mzee ilikuwa mbele yangu. "Mama, nisamehe," nikasema, "salamu nitakuja kuzimalizia."

 Nikamwambia kwa pumzi moja: wako mlimani yeye na mtoto, wanashuka, hapokei simu yangu.

"Ni changarawe au ni barafu?" akauliza.

"Barafu, mama. Na anataka kumtelezesha mtoto kwa visigino."

"Nani kamwambia barafu inashukwa kwa visigino?"

"Anadhani ni sawa na huko kwenu."

"Hamkuuliza watu wa huko mlima wao ukoje?"

 "Hatukuuliza, mama."

"Kata simu," akasema.

Nikakata. Nikaanza kusugua jiko la mzee, ambalo nilikuwa nimeshalisugua. Mzee akaniambia niketi, nikamjibu vibaya, kwamba yeye ameketi inatosha.  Nilihesabu dakika kumi na moja kwenye saa ile. Katika dakika zile niliwaza neno moja tu, Jumatano, Jumatano, na harufu ya samaki ikanijia puani kabisa.

Simu ikalia. "Amepokea," mama mkwe alisema, na nikataka kushukuru, lakini sauti yake haikuwa ya kushukuriwa. "Alikuwa ameshateleza. Yeye yuko chini. Mtoto yuko juu."

Alikuwa ametangulia ili amwonyeshe. Hakusimama pale alipotaka kusimama. Alikwenda mpaka kwenye mawe, na mkono wa kulia akasema hauumi, "na mwanangu akisema hauumi ujue umevunjika." Mtoto alikuwa ameshakanyaga theluji, hatua kama kumi hivi, ndipo akamwona baba yake anavyokwenda. Akaganda pale pale. Kupanda hawezi, kushuka hawezi, analia.

"Nimemwambia amwambie akae," mama mkwe aliendelea, "achimbe visigino, akalie begi lake, asigeuke nyuma. Nimemwambia aite watu. Anasema ataangalia kwanza."

"Ataangalia nini?"

"Wewe ndiye unayekaa naye. Ita watu."

Nilipogeuka, mzee alikuwa ameshajikokota mpaka kwenye simu ya mezani na amekwisha kupiga. Aliongea na polisi kwa sauti ya mwalimu, akataja mlima, upande, mkunjo wenyewe, vitu ambavyo mimi nisingeweza kuvitaja hata kwa viboko. Kisha akanipa mkonga wa simu, polisi wakaniuliza. Umri wa mtoto? Rangi ya koti? Ana ugonjwa wowote? Namba ya mumeo? Nilijibu yote. Koti nilisema la njano, halafu nikakumbuka kwamba asubuhi alikuwa amelifunga kiunoni, nikaanza kuomba kimoyomoyo awe amelivaa.

Kukaa ndiko kulikokuwa kugumu. Saa nane nilitakiwa kwa bibi mwingine, nikaipigia ofisi nikawaambia siendi. Msimamizi akaanza kunisomea utaratibu wa taarifa za dharura, nikamkatia simu. Mzee alianza kunieleza jinsi waokoaji wanavyopanda, ni watu wa kujitolea, wanaacha kazi zao na chakula mezani, inaweza kuchukua saa mbili. Kivuli nacho kinazidi. Nikamwomba asinieleze zaidi. Akasogeza kiti chake karibu na changu, fremu yake ikagonga goti langu.

Niliogopa. Sina namna nyingine ya kulisema. Nilimwona mtoto wangu amekalia begi, miguu imekufa ganzi, kisigino kimoja kinaachia. Na kila nilipomwona hivyo nilimwona pia Jumatano amesimama jikoni na simu, ananikabidhi uhai wake, nami nageuza samaki. Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu lilikuwa la mdogo, na aliyelisikia ni mimi, na miguu yangu ilikuwa mizima juu ya zulia la mzee.

Mama mkwe alipiga mara tatu. Hakusalimu hata mara moja. "Bado?" "Bado, mama." Basi.

Saa kumi na dakika ishirini ikaingia namba nisiyoijua. Mwanaume mwenye lafudhi nzito ya Wales akaniambia wote wawili wako chini, wako salama, baba ana mkono uliovunjika na mtoto amepoa sana lakini anaongea. Nilitaka kumwuliza mambo mengi na sikuweza hata moja. Akampa binti simu.

"Mama," binti akasema. "Nasikia baridi."

 Nililia mpaka mzee akaomba chai, nadhani ili nipate kitu cha kufanya. Nikampa. Akasema ni kali mno.

Jumapili jioni niliwapokea stesheni ya Euston. Mume wangu mkono umefungwa mpaka kiwiko, shavu limechubuka, ametembea kwenye jukwaa lile mdogo kuliko nilivyomzoea. Binti alikuwa amebeba mabegi yote mawili. Alisimama akamfunga baba yake zipu ya koti, taratibu, mpaka shingoni, naye akainua kidevu akamwachia. Ndani ya treni ya kurudi Abbey Wood walikaa pamoja, mimi nikakaa mbele yao. Mmoja alisema jambo kuhusu sandwichi, wakacheka wote wawili. Sikulielewa, na hawakunieleza.

Yaliyotokea nilisimuliwa vipande vipande. Kwamba baba alikaa chini ya ile theluji zaidi ya saa mbili, mkono umening'inia, anampigia binti kelele asinyamaze. Kwamba waokoaji walimfikia yeye kwanza wakataka kumshusha, akagoma, akawaambia hatoki pale mpaka binti atoke. Na kwamba ili binti asisinzie alimsimulia kwa sauti safari yake ya kwanza ya upagazi, alipokuwa na umri huo huo wa binti, jinsi alivyolia usiku kwa baridi na mzigo, akataka kurudi kwa mama yake, akaona aibu. Hadithi hiyo mimi sijawahi kuisikia. Miaka ishirini, na sijawahi.

Tulikula. Nilimkatia nyama kwa sababu ya mkono. Alipomaliza akasema, bila kunitazama, "Ulimpigia mama."

"Nilimpigia."

"Nilimkosesha usingizi mama yangu kwa kiburi changu," akasema. "Mlima wa watu unauliziwa kwa wenyewe. Sikuuliza. Kosa ni langu, si la mtu mwingine."

Alilisema kwa unyonge ambao sijawahi kumwona nao, na alikuwa analibeba lote peke yake, na sikuweza kumtazama akilibeba. Nikamwambia. Jumatano, taarifa, theluji ya upande wa kivuli, mtoto alinipa nikuambie, nikanyamaza. Nilikuona unapaka viatu mafuta nikakuonea huruma.

Nilitegemea apige meza. Nilitaka apige. Alinitazama tu, akahema, akasema, "Ulinionea huruma," kama mtu anayesoma karatasi isiyo yake. Akainuka akaenda kulala.

Tukabaki wawili. Nikamwambia binti, "Nisamehe mwanangu." Yeye akaendelea kukusanya sahani.

"Nilijua hukumwambia," akasema. "Nilijua kwenye treni. Nilimwuliza kama umemwambia chochote kuhusu theluji, akasema mama yako anaogopa hata ngazi za umeme."

"Sasa mbona hukumwambia mwenyewe, pale pale?"

Akaweka sahani chini. "Kwa sababu nilishakupa wewe. Nikadhani kama wewe umesoma na umenyamaza, basi si hatari."  "Baba hakujua. Wewe ulijua."

Hakupandisha sauti. 

Hatukugombana. Ananisalimu, ananisaidia kazi, akitoka ananiaga. Mume wangu mkono umepona na kazini amerudi. Wiki iliyopita binti aliamua kubadilisha masomo anayotaka kwenda kusoma chuoni, na baba yake alikuwa ameshayatangaza yale ya kwanza kwa ndugu wote Marangu. Alimwambia mwenyewe, mezani, uso kwa uso, kwamba baba alikuwa amekosea kuyatangaza. Mume wangu akaweka kijiko chini akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili, akasema sawa. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo kati yao. Ndiyo mara ya kwanza nami nilikuwa nalisikia jambo hilo.